Maswali ya Wasomaji: Tarehe Hiyo Aliiahidi Nani?

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazohusu kazi katika kampuni zinazotengeneza programu za kompyuta. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu swali lake ndilo chimbuko la mengine mawili.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, nimehitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka jana. Nimepata nafasi mbili: moja katika kitengo cha TEHAMA cha taasisi ya umma, na nyingine katika kampuni ya programu hapa Dar es Salaam yenye wafanyakazi wasiozidi thelathini. Baba anataka niende serikalini. Rafiki zangu walioajiriwa katika kampuni hizo wananichanganya: leo wanaisifu kazi yao hadi natamani kuanza kesho, wiki inayofuata wananipigia simu wakilia. Naomba uniambie ukweli, watu wanapenda nini katika kampuni hizi, na wanachukia nini?
*Binti wa Kimara, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Rafiki zako hawakudanganyi. Wanakueleza kazi ileile kwa nyakati tofauti, na mara nyingi sifa na machozi hayo hutoka katika mradi mmoja. Nimefanya kazi katika kampuni tatu za programu tangu mwaka 2006, kwanza nikiandika programu, baadaye nikisimamia wanaoziandika, na nimekaa na wengi siku waliyoanza kazi na siku waliyoleta barua ya kuacha.

Jambo linalopendwa kuliko yote ni kuona kazi ya mikono yako ikitumika. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuhesabu dawa katika maduka ya dawa. Siku moja niliingia katika duka mojawapo Kariakoo bila kujitambulisha, nikamkuta muuzaji akiitumia huku wateja wamepanga foleni mbele yake. Nilimuuliza kama mashine inamsaidia, akanijibu kwamba inamsaidia sana, ila hajui kwa nini inamlazimisha kubonyeza mara tatu ili kuuza panadoli. Nilirudi ofisini, nikaiandika upya sehemu hiyo jioni ileile, na wiki iliyofuata alikuwa akibonyeza mara moja. Sijapata kazi nyingine ambamo umbali kati ya lalamiko la mtu na dawa yake ni mfupi kiasi hicho.

La pili ni kujifunza kutoka kwa wenzako. Katika kampuni iliyopangwa vizuri, msimbo, yaani maagizo ya programu unayoyaandika, hausomwi na kompyuta peke yake, bali husomwa kwanza na mwenzako, akakuonyesha ulipokosea na ulipozunguka bila sababu. Mara za mwanzo inauma. Baada ya miezi sita utagundua kwamba umejifunza mambo ambayo mihadhara ya chuo haikuyagusa. Tena hapo cheo hakina nguvu kubwa: kijana wa miaka 24 anaweza kumwambia mkurugenzi kwamba hesabu yake haitafanya kazi, na akiionyesha mbele ya watu, mkurugenzi hukubali. Wengi waliohamia kwenye ofisi za namna nyingine huniambia kwamba hicho ndicho wanachokikumbuka zaidi. Yapo pia mambo ya uhuru, kama kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, na wewe unayeishi Kimara unajua thamani ya kuikwepa Barabara ya Morogoro asubuhi.

Sasa niseme kinachochukiwa. Watu wa nje hudhani kwamba waandishi wa programu huchoshwa na ugumu wa kazi, lakini sijamwona hata mmoja aliyeacha kazi kwa sababu ilikuwa ngumu. Ugumu ndio uliowaleta. Wanachokichukia ni tarehe iliyoahidiwa na mtu ambaye hakuwauliza. Mtu wa mauzo anakaa na mteja, mteja anataka mfumo kufikia mwisho wa Machi, na mtu wa mauzo, kwa kuogopa kumpoteza, anamwambia kwamba mwisho wa Machi utakuwa tayari. Watakaoujenga wanasikia habari hiyo mkataba ukiwa umeshasainiwa. Baada ya hapo mteja anaongeza mahitaji, tarehe inabaki palepale, na tofauti yote inalipwa kwa usingizi wa vijana wanne au watano.

Mwaka 2011 nilikuwa katika timu iliyopewa kazi ya namna hiyo kwa kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Sisi tulikuwa tumekadiria miezi mitano, meneja akaahidi wiki nane. Ilipofika wiki ya sita akaona mambo hayaendi, akaongeza watu wanne. Alidhani anatusaidia, lakini sisi wa zamani tukaacha kujenga ili kuwafundisha wageni, na wageni kwa kutoijua kazi wakavunja vilivyokuwa vimekamilika. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa kampuni ya IBM, katika miaka ya 1960, alikwisha kuandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa unauchelewesha zaidi. Tulikabidhi baada ya miezi sita, mfumo ukiwa na hitilafu nyingi, na kabla ya mwaka kwisha wenzetu wawili waliokuwa hodari kutupita sote walikuwa wameondoka. Hawakuondoka kwa ajili ya mshahara. Waliniambia wenyewe kwamba walichoka kusema ukweli kuhusu muda na kutosadikiwa.

Kwenye usaili huenda ukaambiwa kwamba kampuni inafuata Agile, yaani utaratibu wa kujenga programu kidogo kidogo, kwamba kazi hugawanywa katika vipande vya wiki mbili, na kwamba kila asubuhi timu husimama kwa dakika kumi na tano kuelezana ilipofika. Ni utaratibu mzuri unapotumiwa kama ulivyokusudiwa. Watu 17 waliokutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, mwezi Februari 2001 na kuandika tamko lake waliambatanisha nalo kanuni 12, na mojawapo inasema kwamba wajenzi, watumiaji na wadhamini wa mradi waweze kwenda kwa mwendo uleule bila kikomo. Nasikitika kila ninapoona tamko hilohilo likitumiwa kumkimbiza mtu wiki mbili baada ya wiki mbili, mwaka mzima, bila kupumua.

Yapo makero mengine, nami nitayapitia upesi: kurithi programu ya zamani ambayo mwandishi wake ameondoka bila kuacha maelezo, kuambiwa kwamba huwezi kupanda mshahara mpaka uache kuandika programu na uanze kusimamia watu, na mishahara kuchelewa katika kampuni ndogo wakati wateja wakubwa hawajalipa. Moja sitalipita upesi, kwa kuwa wewe ni binti. Kwa miaka minne nilikuwa mwanamke pekee katika timu ya watu tisa, na katika kila kikao kalamu ya kuandika muhtasari iliwekwa mbele yangu. Ukiona dalili hiyo, pendekeza mapema kwamba muhtasari uandikwe kwa zamu. Anayeandika maneno ya wengine hapati nafasi ya kusema yake, na wanaopandishwa ni wale waliosikika.

Kuhusu ushauri wa baba, ana hoja, maana mshahara wa umma haumtegemei mteja mmoja. Wala usidhani kwamba serikalini hakuna programu za kujenga: ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, na kila anayelipia huduma ya umma kwa namba ya kumbukumbu anautumia mfumo wa malipo wa serikali uitwao GePG. Muhimu zaidi, kabla hujachagua, omba kuzungumza na waandishi wa programu wa kampuni hiyo bila meneja kuwepo, uwaulize: mradi wenu wa mwisho, tarehe ya kukabidhi aliiahidi nani, na mlikabidhi lini? Wakikujibu kwamba waliulizwa, wakakadiria, na tarehe ikasogezwa mahitaji yalipoongezeka, mimi nakushauri uende huko, na umweleze baba sababu hiyo kwa heshima. Wakitazamana kabla ya kujibu, msikilize baba.

SWALI: Dada mshauri, nina miaka mitatu katika kampuni ya programu hapa Arusha. Kazi naipenda, lakini mfumo wa mteja wetu ukianguka usiku napigiwa simu mimi. Mwezi uliopita niliamshwa mara tisa usiku, na kila asubuhi nikatakiwa ofisini saa mbili kama kawaida. Nikiuliza malipo naambiwa kwamba hiyo ndiyo hali ya kazi yetu. Je, sheria inasemaje?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Kaka, mifumo huanguka usiku, hilo halina ubishi, na lazima pawe na mtu wa kuiinua. Lakini sheria haikuwaacha nje watu wa programu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, haziruhusiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi inayofanyika kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Vilevile unastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, kwa hiyo aliyeamshwa saa nane usiku na kufika ofisini saa mbili asubuhi huenda amenyimwa haki yake. Masharti haya hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, basi angalia kwanza nafasi yako.

Anza na daftari. Andika kila simu: tarehe, saa uliyoamshwa, saa uliyomaliza na hitilafu uliyoirekebisha. Peleka orodha ya mwezi mmoja kwa mwajiri pamoja na pendekezo la zamu kwa timu nzima, na mpatane kwa maandishi malipo ya kukaa umeshika simu hata usipoitwa. Nimeona waajiri wakibadilika mbele ya orodha ya namna hiyo, kwa sababu inawaonyesha pia hitilafu inayojirudia ambayo wangeitibu mchana kwa wiki moja na kulala salama wote. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ipo, nawe una siku 60 tangu mgogoro ulipotokea kupeleka madai ya malipo.

SWALI: Mwanangu wa kiume anasema ameajiriwa na kampuni ya programu ya California, lakini haendi popote. Analala mchana, usiku anaongea Kiingereza na kompyuta. Pesa analeta nyumbani, sikatai. Je, hiyo ni kazi kweli?
*Mama, Tanga*

JIBU: Mama mwenzangu, ni kazi kweli. California iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kufuatana na majira, hivyo wenzake wanapofika ofisini saa tatu asubuhi, hapa Tanga ni saa moja au saa mbili usiku. Wafanyao kazi hivyo huupenda uhuru na malipo, na hulalamikia upweke, kwa sababu siku nzima hawana mwenzao wa kunywa naye chai na kumwuliza jambo dogo.

Mwulize kama mkataba wake ni wa ajira au wa mtu aliyejiajiri. Kwa kawaida ni huo wa pili, na hapo hakuna mwajiri wa kumchangia mafao, basi ajiandikishe NSSF mwenyewe na kuchanga kila mwezi wakati pesa ipo. La pili liko mikononi mwako. Siku anayotoka kikaoni saa saba usiku, asigongewe mlango saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu nyumba nzima imeamka.