Vidole vimetulia, niache sindano?

Swali: Daktari, nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, na imeingia kwenye viungo. Nimechoma adalimumabu miligramu 40 kila baada ya wiki 2 kwa miezi 6, na vidole havivimbi tena. Naweza kupumzika, kisha nirudie maumivu yakianza?

Jibu: Hapana. Vidole vimetulia kwa sababu dawa imo mwilini, ugonjwa haujaondoka. Sindano hii haitulizi maumivu kama ibuprofeni. Inaikamata protini iitwayo TNF, ile inayochochea uvimbe na kuziamsha seli zinazomung'unya mfupa. Nusu ya dawa huisha mwilini kwa takriban wiki 2, kwa hiyo ukiacha hutasikia kitu upesi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Utando wa kiungo unaweza kuvimba na mfupa ukaanza kulika kabla hujapata maumivu ya kukurudisha kliniki. Mfupa uliolika haurudi kama ulivyokuwa. Kazi ya dawa ni kuzuia usiendelee kulika.

Tena, dawa ikipungua na kupanda ovyo, mwili hupata nafasi ya kuiona ngeni na kuitengenezea kingamwili, yaani protini za kuipinga. Ukirudi, sindano ileile inaweza isikusaidie tena.

Kusimamisha kwa muda kupo: ukipata maambukizi makali, au kabla ya upasuaji, na daktari hupanga tarehe ya kurudi. Ugonjwa ukitulia kwa muda mrefu, daktari anaweza kurefusha nafasi kati ya sindano, huku akikagua viungo, kano na kucha.

Kinachoniudhi hasa ni wanaotupa sindano wakahamia unga wa "kung'oa baridi mifupani". Unga ukiondoa maumivu ya miaka kwa siku 2, shuku steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe kama prednisoloni au deksamethasoni, iliyochanganywa humo kwa siri. Uvimbe unashuka, muuzaji anasifiwa. Siku unga ukikatika ghafla, soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima, hata kwa vipele vya usaha. Na huyo muuzaji hakukupima kifua kikuu wala homa ya ini B, vipimo vinavyotakiwa kabla ya sindano ya kwanza, ingawa steroidi nazo zinaweza kuyaamsha magonjwa hayo.

Aliyekwisha kunywa unga huo kwa wiki kadhaa asiukate leo kwa hofu, maana tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huenda zimeacha kutengeneza steroidi ya asili ya mwili. Aende hospitali upesi na kopo lake, aseme wazi alichokuwa akinywa, apunguziwe steroidi hatua kwa hatua.