Kuchangisha fedha kwa shukrani baada ya upandikizaji wa figo

Hongera kwa dada yako kupata figo, na wazo lako la kuchangisha fedha kwa shukrani, kwa ajili ya taasisi inayosaidia wagonjwa wa figo, ni jema sana. Kabla ya kutangaza, iandikie taasisi utakayoichangia upate kibali cha kutumia jina lake, na uulize inahitaji nini hasa. Mara nyingi ni dawa za kuzuia mwili usikatae figo, ambazo mgonjwa humeza maisha yake yote, au nauli za kliniki. Tangazo liseme wazi kwamba fedha si za matibabu ya dada yako. Lisiposema hivyo, hapo ndipo manung'uniko huanzia. Fungua akaunti ya pekee yenye watia saini wawili, na gharama za hafla ya kuchangisha zisitoke humo.

Kuhusu mtoaji wa figo, tafadhali kuwa mwangalifu mno. Kama alikuwa marehemu, usitaje tarehe wala hospitali, maana familia yake inaweza kutambulika. Barua ya shukrani kwa familia hiyo ipitie kwa waratibu wa upandikizaji hospitalini. Usimpe mtoaji wala familia yake sehemu ya michango: nchi nyingi huhesabu hilo kuwa ununuzi wa kiungo.

Dada yako aridhie kila picha. Miezi ya mwanzo kinga yake iko chini, basi asilazimishwe kukaa kwenye umati.