Maswali yenu kuhusu Ole, mtu wa dakika za mwisho

Wiki iliyopita niliandika mstari mmoja tu kwamba Ole Gunnar Solskjær ndiye sub (mchezaji wa akiba anayeingia katikati ya mechi) bora niliyewahi kumuona, basi meseji zikamiminika, wengine mnakubali, wengine mnauliza, na kuna mashabiki wa Arsenal hawana hata swali wamekuja kutukana tu. Nimeokota machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Kaka, kabla ya Man United alikuwa wapi? Mimi namjua kuanzia ile fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 1999 tu. (Msomaji, Tandika)

Hauko peke yako, wengi mmeanzia hapo kwenye utamu. Kazaliwa 26 Februari 1973 Kristiansund, mji mdogo wa pwani ya Norway ambao umejulikana miaka mingi kwa ng'onda, wale chewa wa kutiwa chumvi na kukaushwa. Baba yake alikuwa mpiga mieleka, tena bingwa wa nchi, na dogo naye akajaribishwa mieleka akaona hapana, hii sio yangu. Akakulia kwenye timu ya mtaani kwao, Clausenengen, ligi za chini, mpaka ana miaka 21 bado yuko huko. Hebu fikiria, umri huo siku hizi mtu ameshauzwa mara mbili na ana mkataba wa viatu. 1995 Molde, timu ya ligi kuu ya Norway, wakamchukua, kocha wao Åge Hareide, akaanza kutupia mabao kama hana akili nzuri na mwaka uliofuata tu England wakaja.

Ni kweli Ferguson hakuwa anamtaka yeye, alikuwa anamtaka Shearer? (Msomaji, Mombasa)

Kweli kabisa. Kiangazi cha 1996 Ferguson, kocha wa United, alikuwa anamwinda straika Alan Shearer, Shearer akaenda zake Newcastle kwa pauni milioni 15, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia wakati ule. Ole alinunuliwa kwa milioni 1.5, yaani kwa hela ya Shearer unapata kina Ole kumi na chenji ya soda unaomba. Hakuna aliyemjua, watu walidhani ni wa timu ya rizevu. Mechi yake ya kwanza Agosti 1996 dhidi ya Blackburn akaingizwa kipindi cha pili, dakika sita tu keshafunga. Msimu ule kamaliza na mabao 18 ya ligi na kombe la ubingwa juu.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui. 1998 Tottenham waliweka ofa, United wakaikubali, maana straika Dwight Yorke alikuwa anakuja, na mastraika Cole yupo na Sheringham yupo. Aliyegoma ni Ole mwenyewe, kasema nabaki nitapambania namba yangu. Miezi tisa baadaye mnajua kilichotokea.

Nimeona klipu anamkimbiza mtu uwanja mzima halafu anamkata miguu. Ndiyo ile sura ya mtoto mnayoisifia? (Dada mmoja, Arusha)

Hahaha dada umeniamsha, ndiyo huyohuyo tuliyemwita muuaji mwenye sura ya mtoto. Hiyo ni Aprili 1998, Old Trafford, United na Newcastle, moja moja, dakika zimeisha, United wote wamepanda mbele kutafuta bao. Mpira ukapotea, Rob Lee wa Newcastle akabaki peke yake na uwanja mtupu mbele yake, kipa tu. Ole alikuwa mbele kabisa huko, kageuka, kakimbia kutoka upande mmoja wa uwanja mpaka mwingine, na alipomfikia hakujisumbua kuutafuta mpira, kamfagia jamaa nje ya boksi. Umeme, kadi nyekundu. Wala hakubishana na refa, anatoka zake anajua alichofanya na uwanja mzima umesimama unampigia makofi.

Ila Ferguson hakufurahi, inasemekana alimfokea kwamba Man United hatushindi hivyo. Na ukitaka kucheka zaidi, ile pointi moja aliyoiokoa haikutosha, Arsenal walichukua ubingwa na pointi 78, United 77.

Kwa nini straika mzuri hivyo akae benchi miaka yote? Alikuwa anaonewa? (wameuliza wengi)

Hapa nikae kidogo.

Mimi siamini alionewa. Kwanza alianza mechi nyingi kuliko mnavyokumbuka, kuna msimu wa 2001/02 alikuwa anaanza kweli kweli pembeni ya Van Nistelrooy, na amecheza winga ya kulia pia. Lakini benchi alilitumia tofauti na wenzake. Mchezaji wa kawaida akiwekwa benchi ananuna, anavuta jaketi mpaka puani, anasubiri kuitwa. Ole alikuwa anakaa pale anasoma mabeki: huyu anachelewa kugeuka, yule akipigiwa mpira nyuma ya kisigino anapotea. Ferguson amesimulia kwamba jamaa alikuwa mpaka anaandika notisi. Kwa hiyo akiingia dakika ya 75 yeye tayari ana majibu ya mtihani na mabeki wamechoka.

Ushahidi ni Februari 1999, Nottingham Forest. United wanaongoza 4–1, anaingizwa dakika ya 72, benchi la ufundi linamwambia tulia, shika mpira, mabao yanatosha. Akafunga manne. Manne! Ikaisha 8–1.

Na mwezi wa tano mwaka huohuo, Camp Nou, Barcelona, tarehe 26, ndiyo ile fainali ya Ulaya, United na Bayern Munich. Bayern wamepata bao la Basler dakika ya sita, wamegonga mwamba, wamegonga nguzo, utepe wa kombe uko tayari. Sheringham kaingia dakika ya 67, Ole ya 81. Nilikuwa kibanda umiza, benchi la mbao, nimekaa na mjomba ambaye alishatoka nje kutafuta ndala zake maana aliona biashara imeisha. Dakika za nyongeza Sheringham akasawazisha, mjomba akarudi na ndala moja. Hatujakaa vizuri, kona nyingine, Beckham kapiga, Sheringham kaugusa kwa kichwa kwenda nguzo ya mbali, na pale mtu yuko peke yake kanyoosha mguu wa kulia, mguu tu, kama mtu anayezuia mlango usifungwe, mpira ukapanda juu ya nyavu. Ukiirudia ile video usiangalie mpira, mwangalie Ole kabla kona haijapigwa, ametulia kabisa. Mjomba ndala ya pili hakuipata mpaka leo.

Eti aliumia goti kwa sababu ya kushangilia lile bao? (Msomaji, Morogoro)

Ndiyo na hapana. Lile la kuteleza kwa magoti lilimuumiza ligamenti, hilo ni kweli. Ila goti lililomuua kisoka ni la Septemba 2003, mechi na Panathinaikos. Toka hapo ni operesheni na mazoezi, msimu wote wa 2004/05 hakugusa mpira. Alirudi, Agosti 2006 akafunga na Charlton, bao lake la kwanza la ligi toka Aprili 2003, akachukua na ubingwa wa mwisho, wa sita kwake, halafu Agosti 2007 akatundika daluga. Kwa United mechi 366, mabao 126. Timu ya taifa mechi 67, mabao 23.

Ukocha alipewa kwa jina tu, si ndiyo? Maana CV naona haipo. (Msomaji, Kampala)

CV ipo bwana, msimkosee heshima. Alianza na rizevu ya United 2008, halafu 2011 akarudi Molde. Molde imeanzishwa 1911 na haikuwahi kuchukua ubingwa wa Norway hata mara moja, miaka mia mzee! Msimu wake wa kwanza akabeba, wa pili akabeba tena, 2013 akabeba na kombe la chama.

Kosa lake ni Cardiff. Januari 2014 alienda kwenye timu inayozama, mmiliki wake Vincent Tan ameshagombana na mashabiki kwa kuwabadilishia jezi kutoka bluu kwenda nyekundu, kocha aliyetangulia kafukuzwa. Wakashuka daraja wakiwa wa mwisho, na Septemba naye akaondoka. Akarudi kwao Molde kutuliza kichwa.

Man United je? Mimi nasema yule alikuwa mwalimu wa PE. (Msomaji, Muscat)

Mwalimu wa PE (wa mazoezi shuleni) aliyemaliza ligi wa tatu na wa pili, wangapi baada ya Ferguson wamefanya hivyo misimu miwili mfululizo? Yeye tu.

Aliitwa Desemba 2018 kushikilia baada ya Mourinho kutupiwa virago. Mechi nane za kwanza kashinda zote, Machi 2019 kaenda Paris kwa PSG akiwa amefungwa 2–0 nyumbani, kashinda 3–1 na kikosi cha majeruhi na watoto, penati ya Rashford dakika za nyongeza. Wiki tatu baadaye wakampa kazi moja kwa moja. Unaona picha? Hata kwenye ukocha alitamba alipotokea benchi. Kupanga timu tangu mwanzo wa msimu na kila mtu ameshakusoma, hapo ndipo alipokwama.

Na kinachoniuma mimi zaidi ni Gdańsk, fainali ya Europa League na Villarreal, tarehe 26 Mei 2021, siku ileile ya Camp Nou, miaka 22 kamili. Mechi moja moja, wachezaji wamekufa miguu, Emery, kocha wa Villarreal, anaingiza watu tu, Ole kasimama. Sub yake ya kwanza aliifanya dakika ya 100. Dakika ya mia! Mtu ambaye maisha yake yote yamejengwa na sub! Wakaenda penati, wamepiga mpaka makipa wakapigiana, De Gea akakosa, 11–10. Mimi nilizima TV, sikutaka hata kuona medali.

Baada ya hapo Ronaldo akaja kwa shangwe, timu ikavurugika, Liverpool wakatupiga tano bila Old Trafford, Watford nne kwa moja, na kesho yake, 21 Novemba 2021, ikawa kwaheri. Mechi 168, ushindi 91.

Haaland, straika wa Man City, alikuwa wake kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiyo, Molde walimchukua 2017 kutoka Bryne na Ole ndiye kocha. Julai 2018 yule dogo aliwapiga Brann manne ndani ya dakika 21 za kwanza. Ole amesimulia mwenyewe kwamba alipiga simu United akiwaambia huyu kijana chukueni, pauni milioni nne tu, hawakumsikiliza. Mashabiki wa City mnaweza kucheka sasa.

Sasa hivi anafundisha wapi?

Kituo cha karibuni kilikuwa Beşiktaş, Istanbul. Januari 2025 aliingia katikati ya msimu, mechi ya kwanza akampiga Athletic Bilbao 4–1, tukasema haya, mwamba amerudi. Agosti ya mwaka huohuo Lausanne wakamtoa Conference League, na usiku uleule akafukuzwa.

Jina lake linatamkwaje? Tumebishana ofisini. (Msomaji, Dodoma)

Kinorway hiyo "skj" yote ni "sh" tu, kwa hiyo ni kama "Suulsher". Ila kwetu alikuwa Solsha, mtangazaji mmoja alikuwa anamwita Soshkaya, na mwenye kibanda ubaoni aliandika "OLE" tu kwa chaki, alisema jina lote linamalizia chaki.