Mzee wa kanisa, mwenye hasira humo ndani ni nani?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mbeya, nina miaka 43, nina mke na watoto watatu. Kanisani ndiye ninayefundisha wanandoa somo la kutawala hisia, Biblia na saikolojia kwa pamoja, na watu wanabarikiwa sana. Shida ni mke wangu, ana hasira. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari: tangu Januari amelipuka mara 11. Mara ya mwisho ni baada ya mimi kuchangia shilingi 300,000 za mabati ya nyumba ya mchungaji (pamoja na akiba yake ya vitumbua niliyokuwa nimemtunzia). Alitupa mwiko kwenye sinki akapiga kelele hadi majirani wakasikia. Mimi sikujibu neno. Sijawahi kumpiga wala kumtukana, huwa nanyamaza tu. Safari hii nilinyamaza siku 4, nikawa nakula kwa mama ntilie kuepusha shari. Kwenye semina nilitoa mfano wa mwanamke asiye na kiasi, bila kutaja jina, akainuka akatoka. Hata mwanetu wa miaka 8 ameanza kudeka. Nikimkataza kulia anakwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Je, nimpeleke mke wangu kwenye maombezi afunguliwe roho ya hasira?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa amani nyumbani. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Neno kubwa kuliko yote umelipitisha kwenye mabano, kama mtu anayevusha gunia la mkaa usiku: "pamoja na akiba yake ya vitumbua." Huyo mwanamke anaamka saa kumi alfajiri, kwa baridi hiyo ya Mbeya ya mwezi wa saba inayopasua midomo, anainamia chuma cha vitumbua akikigeuza kimoja kimoja kwa kijiti, moshi wote machoni. Kaa chini upige hesabu ni vitumbua vingapi. Hela amekupa wewe umtunzie, maana wewe ni mumewe na tena ni mzee wa kanisa. Ukazibeba, ukasimama mbele ya usharika, ukapigiwa makofi. Halafu unashangaa mwiko kuruka? Mimi ninachoshangaa ni kwamba uliishia kwenye sinki.

Kurusha vyombo si adabu, na siku mkeo akiniandikia nitamwambia. Ila aliyeniandikia ni wewe.

Unasema huna hasira. Kula kwa mama ntilie siku 4 na kwako chakula kimefunikwa mezani, hiyo ni nini? Waswahili tuna jina lake: kununa. Na kununa kuna ukoo mzima: kususa, kinyongo, gubu, kisirani. Wewe wote umewakaribisha sebuleni ukawaita uvumilivu. Marehemu mume wangu naye hakupaza sauti hata siku moja. Hasira yake niliijua kwa namna alivyovua viatu: taratibu, kimoja baada ya kingine, akivipanga sambamba kama vya dukani. Watoto wakiviona viatu vimekaa hivyo, saa moja jioni wamekwisha kulala bila kuambiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na anayekifahamu mshindo wake ni yule anayelala nacho kitanda kimoja.

Kwa kuwa unafundisha saikolojia, nadhani jina la John Gottman umelikuta. Ni Mmarekani aliyewaweka wanandoa kwenye maabara, akawafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo, akawaacha wagombane huku akiwarekodi. Katika tabia nne alizoziona zinavunja ndoa, mojawapo ni hii yako ya kugeuka ukuta. Mtu anaonekana mtulivu, kumbe ndani moyo unakwenda mbio. Ushauri wake ni kwamba mkizidiwa mpumzike angalau dakika 20, kisha mrudi mmalizane. Dakika 20, mwanangu. Wewe umechukua siku 4, na hujasema popote kwamba ulirudi mkamalizana.

Na hiyo Biblia unaifundishaje? Waefeso 4:26 inasema, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Jua lako limechwa mara nne. Yesu mwenyewe, Marko 3:5, aliwakazia watu macho kwa hasira pale sinagogi, na kilichofuata ni mtu mwenye mkono uliopooza kuponywa. Hakususa. Na Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, malaika hakumsomea mstari wa tunda la Roho. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Kuna hasira nyingine za mama aliyeamka saa kumi zinazotaka mtu aoshe vyombo tu.

Sasa lile daftari. Unafundisha ndoa na hujafika 1 Wakorintho 13:5? Upendo "hauhesabu mabaya." Wewe umehesabu, umeweka na tarehe. Na ule mfano wa "bila kutaja jina", nani pale hakujua? Umemvua nguo mkeo mbele ya wenzake, akaamua kutoka nje kwa miguu yake bila kukujibu. Katika semina nzima, aliyetawala hisia zake ni yeye.

Kinachoniuma zaidi ni mtoto. Anayedeka hulilia mbele za watu apate kubembelezwa. Anayejificha nyuma ya tangi ameshajifunza kwamba machozi ni kosa, na aliyemfundisha ni wewe. Kaini alipokasirika, Mungu hakumwambia "nyamaza". Alimuuliza: kwa nini una ghadhabu, na kwa nini uso wako umekunjamana? Aliutazama uso kwanza, akataja anachokiona. Onyo la dhambi lilikuja baadaye. Mfanyie mwanao hivyohivyo. Mwambie, "Naona umenuna, ni hasira au umeonewa?" Mtoto akipata jina la kinachomsumbua, nusu ya mzigo ameutua. Lugha ya mama yake inamtosha kabisa: kuna hamaki, kuna simanzi, kuna kijicho, kuna fadhaa, kuna donge. Siku hizi yote hayo mmeyatupa kwenye kapu moja mnaloliita "stresi", kisha mnashangaa mtu hajui aombe msaada gani.

Ndoa zenu hizi, jamani! Mume yuko chumbani, mke jikoni, anamtumia ujumbe wa WhatsApp "chakula tayari". Kwenye simu picha ya mke na maneno "zawadi kutoka kwa Bwana", mezani hawajasalimiana tangu Jumapili. Zamani tuligombana hadi shangazi akaitwa, lakini tuligombana tukitazamana. Sisemi yetu yote yalikuwa mazuri, wengine tulimeza mengi. Ila walau ulijua nani kakasirika na kwa lipi.

Kuhusu maombezi: usimpeleke popote. Akiomba hela yake, hilo si pepo. Mrudishie akiba yake yote, hata kwa kukopa. Hela ikiwa mkononi ndipo useme, "Nilikosea, nilichukua chako bila kukuuliza." Usiongeze "lakini". Akilia, mwache alie, na wewe usitoke. Ukizidiwa, aga: "Naomba nikapunge upepo, saa mbili nipo tuongee," na saa mbili uwe umekaa kitini. Kisha mwambie mchungaji mwezi ujao somo alifundishe mwingine; wewe kaa kiti cha nyuma na mkeo, kama atakubali kuja.

Daftari chana kurasa zilizoandikwa, uzitie jikoni alfajiri anapowasha moto. Zilizobaki mpe aandikie hesabu zake za vitumbua, na hela atunze mwenyewe.