Mahindi yetu yalikataliwa sokoni, tununue nini kwanza?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi ni kikundi cha wakulima 14 huku Kiteto, msimu uliopita tulipeleka mahindi soko la Kibaigwa, mnunuzi akatia mkono kwenye gunia akasema hayajakauka, ikabidi tumuachie dalali kwa bei ya hasara tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sasa tuna hela kidogo kwenye mfuko wa kikundi, vijana wanataka tununue simu janja tuwe tunaangalia bei mtandaoni. Mnatushauri nini?
Msomaji, Kiteto

JIBU: Poleni sana jamani, imeniuma kusoma hii. Bei mtaiona kwenye simu sawa, lakini mzigo ukiwa na unyevu hiyo bei sio yenu, kwa hiyo mimi hela ya kwanza ningenunua kipima unyevu, kile cha mkononi, kimoja kinawatosha wote. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wakati mnajichanga tumieni chumvi: chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache halafu iache itulie kama robo saa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa ujue bado mabichi, rudisha juani. Na muanike kwenye turubai, sio chini kwenye udongo, maana kuvu wanaoleta sumukuvu wanatoka hukohuko kwenye udongo, na hiyo sumu huioni kwa macho na kuipika ugali haiishi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na hapo kwenu Manyara, kwa hiyo hapa hatuongelei hela peke yake.

Yakishakauka ndo mnunue mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, kila nailoni unaifunga kivyake kwa nguvu, hewa haiingii, dumuzi waliomo wanakosa pumzi wanakufa bila dawa yoyote. Ila ukijaza mabichi humo yataota ukungu, ndo maana nimeanza na kipimo. Hapo mnaweza kukaa na mzigo mpaka ile miezi ya bei nzuri, badala ya kuuza wakati kila mtu anavuna.

Hela ikibaki, mizani, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, muuze kwa kilo, dalali akitaka lumbesa mwambieni apandishe mzigo kwenye mizani kwanza. Simu janja itasubiri, kitochi kinatosha kumpigia mtu wenu aliyeko Kibaigwa mkamuuliza leo kilo shilingi ngapi.