Vipande vidogo vina mistari, vikubwa vinabomoka: tuanzie wapi?

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, kitengo cha histolojia, kinachoandaa tishu za wagonjwa zichunguzwe kwa hadubini. Tulikuwa wanne. Wawili wamehamishiwa vitengo vingine, nimebaki na mwenzangu mmoja na mtarajali. Tangu hapo seksheni, yaani vile vipande vyembamba sana tunavyokata, zinatusumbua. Vipande vidogo vya tumbo vinatoka na mistari mistari, na vile vya matiti na kizazi vinabomoka katikati mara vikigusa maji. Tumebadilisha bledi, fundi amekagua mikrotomu, mashine ya kukatia, akasema ni nzima. Daktari wa patholojia naye analalamika kuwa viini vya seli havina bluu ya kutosha. Juu ya hayo, uongozi unataka majibu yatoke haraka zaidi. Tuanzie wapi?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Bledi ziacheni, na fundi msimwite tena. Mistari inayoletwa na skrubu iliyolegea au pembe mbaya ya bledi haichagui bloku (tishu iliyogandishwa kwenye nta). Ingeonekana kwenye vipande vya kila aina. Wewe umeandika kwamba vidogo vina mistari na vikubwa vinabomoka. Hayo ni maradhi mawili yanayopingana, moja la tishu iliyokaushwa kupita kiasi, jingine la tishu ambayo haikuiva. Yakitokea pamoja kwenye maabara moja, mimi huuliza swali moja tu: mnaendesha mashine ya kuchakata tishu, ile inayotoa maji na kuingiza nta, mara ngapi kwa siku?

Hukusema, lakini nitashangaa kama sivyo hivi: mlipokuwa wanne, vipande vidogo vilikuwa na mzunguko wake na vikubwa vyake. Mlipobaki wawili mkaviunganisha kwenye mzunguko mmoja wa usiku, kwa sababu hakuna mtu wa kupakia na kupakua mashine mchana. Ni uamuzi unaoeleweka, na ndio unaowaumiza. Kipande cha endoskopi cha milimita mbili kikipitishwa kwenye alkoholi kali na zailini (kimiminika kinachoandaa tishu ipokee nta) kwa usiku mzima, maji yote yanaondoka, hata yale machache yanayoifanya tishu ikatike vizuri. Kinakuwa kikavu, bledi inarukaruka juu yake, na unapata mistari. Kwenye kaseti (kisanduku kidogo cha tishu) ya jirani, usiku uleule, kipande kinene cha titi hakijapata hata muda wa kutosha wa kuondoa maji.

Hakikisheni kabla ya kubadilisha chochote. Chukua bloku moja iliyobomoka, iache mezani mpaka kesho. Asubuhi ukikuta tishu imezama chini ya uso wa nta, au ukiinusa ukasikia harufu ya zailini, basi nta haikuingia ndani. Bonyeza katikati kwa ukucha. Ikiwa laini wakati kingo ni ngumu, jibu unalo.

Sasa, mashine ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye kopo la formalini, kemikali inayokaza na kuhifadhi tishu, na ndiko ningetumia nguvu zangu nyingi kama ningekuwa wewe. Formalini huingia kwenye tishu polepole, takriban milimita moja kwa saa ya kwanza, kisha kasi inapungua. Kanuni yake ni kwamba ukitaka ifike kina mara mbili, unahitaji muda mara nne. Titi zima lililotumbukizwa kwenye kopo jioni na kupasuliwa asubuhi linakuwa kama andazi lililotolewa mapema kwenye mafuta: nje limeiva, ndani bichi. Na kufika si kukaza. Hata baada ya formalini kufika mahali, inahitaji saa nyingi zaidi kufunga protini. Sehemu ambayo haijakaa sawasawa kwenye formalini inapoingia kwenye mashine, alkoholi ndiyo inayoikaza, vibaya, na hakuna nta itakayoirekebisha.

Kwa saratani ya matiti jambo hili limeandikwa wazi. Mwongozo wa vyama vya Marekani vya ASCO (madaktari wa saratani) na CAP (wanapatholojia) kuhusu vipimo vya HER2 na vipokezi vya homoni, vinavyosaidia kuchagua matibabu, unataka sampuli iingie kwenye formalini ndani ya saa 1 baada ya kutolewa mwilini, na ikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Hata kama hospitali yenu haifanyi vipimo hivyo, bloku zenu huenda zikapelekwa kwingine kupimwa, na hapo jibu baya litamfuata mgonjwa bila mtu kujua lilianzia wapi.

Kwa hiyo nendeni chumba cha upasuaji. Msitume barua, nendeni wenyewe mkazungumze na muuguzi kiongozi. Mwombeni mambo matatu: kopo pana, si chupa yenye shingo nyembamba ambamo sampuli inasukumwa kwa nguvu, formalini isiyopungua mara kumi ya ujazo wa sampuli, na saa ya kutolewa iandikwe kwenye fomu. Sampuli kubwa ikifika maabara, isisubiri kesho. Ipakwe wino kwenye kingo, ipasuliwe vipande sambamba kwa jinsi daktari wa patholojia atakavyoelekeza, shashi ya kufungia vidonda iwekwe katikati ya vipande, irudishwe kwenye formalini mpya. Kukubaliana naye mapema ni lazima, kwa sababu mkipasua ovyo mtampotezea kingo anazotaka kupima. Siku ya pili ndipo mchukue vipande vya kaseti, milimita 3 hadi 4, si zaidi. Kifuniko cha kaseti kikiibana tishu, kipande ni kinene.

Tazameni pia formalini yenyewe inachanganywaje. Nimeona sehemu nyingi wanaongeza maji ya bomba kwenye formaldehaidi na kuishia hapo. Ikikaa inakuwa na asidi, na kwenye tishu zenye damu inaacha chembe za kahawia nyeusi ambazo daktari anaweza kuzidhania kitu kingine. Lita moja ya formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ni mililita 100 za formaldehaidi kali, mililita 900 za maji, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya aina ya monobesiki na gramu 6.5 za dibesiki kavu. Soma lebo ya chupa kabla ya kupima, maana kemikali ikiwa na maji ndani ya fuwele zake uzito hubadilika.

Tukirudi kwenye mashine: tenganisheni tena mizunguko, hata mkiwa wawili. Sampuli ndogo zilizokwisha kukaa kwenye formalini saa 6 au zaidi ziingie asubuhi kwenye programu fupi. Kwenye mashine nyingi zilizofungwa, ambamo kemikali huingia na kutoka huku tishu imetulia, saa 2 hadi 4 kwa jumla hutosha. Ijaribuni kwanza kwa tishu zilizobaki za sampuli zilizokwisha kujibiwa, daktari azione, ndipo mzitumie kwa wagonjwa. Kubwa zilale na programu ndefu. Mtarajali anaweza kabisa kupakia mashine mkimsimamia mara chache za mwanzo. Wakati mnasubiri mabadiliko hayo, bloku zenye mistari zipunguzeni mpaka tishu ionekane, kisha laza uso wake kwenye maji ya barafu dakika chache kabla ya kukata. Unyevu ukiingia, seksheni za mwanzo zitatoka laini. Usiache muda mrefu. Tishu ikivimba ikatokeza juu ya nta, utaipoteza bure.

Umeme ukikatika usiku, tishu iliyo kwenye formalini au alkoholi ya asilimia 70 haina shida kubwa. Kwenye zailini ndiko inakoharibika kwa kukauka. Kwa hiyo chelewesheni kuanza kwa mzunguko ili kusubiri kufanyike kwenye formalini, na mmoja wenu afike mapema kuangalia mashine imesimama hatua gani.

Kuhusu bluu. Kila asubuhi pitisheni slaidi moja ya tishu mnayoijua, kidoletumbo au tonsili iliyokaa vizuri kwenye formalini, pamoja na slaidi za wagonjwa. Ikitoka na bluu nzuri huku za wagonjwa zimefifia, tatizo ni lilelile la formalini na mashine. Ikififia nayo, hematoksilini (rangi ya kutia viini bluu) imechoka, alkoholi yenye asidi inakaa muda mrefu mno, au maji ya kugeuza rangi hayana nguvu. Hili la mwisho husahaulika. Kama maabara yenu inatumia maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, au maji yaliyochujwa madini, hayatageuza wekundu wa hematoksilini kuwa bluu sawasawa, kwa sababu yanakosa ualkali. Tengenezeni mbadala: gramu 3.5 za sodiamu baikaboneti na gramu 20 za magnesiamu salfeti kwenye lita moja ya maji. Ni rahisi na haina gharama kubwa. Na zailini ya kwenye mstari wa rangi ikigeuka kuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; badilisheni hiyo na alkoholi kali iliyotangulia.

Sasa watu. Nitasema ninachoamini, hata kama uongozi wenu hautapenda: maabara ya histolojia yenye watu wawili haiwezi kuongeza kasi kwa kufupisha formalini. Kila bloku inayorudishwa nyuma kuchakatwa upya inakula siku mbili, na mgonjwa wake hajui kwa nini anasubiri. Msiende kwa mganga mfawidhi na malalamiko ya kuchoka. Kila kitengo kimechoka. Nendeni na daftari. Kwa mwezi mmoja andikeni kila siku bloku zilizoingia, zilizokatwa, zilizorudiwa, na sababu ya kurudiwa. Ukurasa huo ndio utakaoomba mtu wa tatu. Ombeni pia kwamba anayefundishwa histolojia asihamishwe kila baada ya miezi michache; mkono wa mikrotomu haupatikani kwa semina.

Katika kugawana kazi, kata bloku asubuhi mikono ikiwa na nguvu, na mchana fanyeni meza ya kupasulia sampuli, ili kaseti ziende kwenye mashine jioni. Anayekata ndiye anayeandika slaidi, palepale, bloku moja baada ya nyingine. Usikubali mtarajali aandike lundo la slaidi mapema ili "kusaidia"; hapo ndipo jina la mgonjwa mmoja linapoishia kwenye tishu ya mwingine. Yeye mpeni kulinganisha fomu na makopo, kubadilisha kemikali, kuweka vifuniko vya slaidi, kupanga kabati. Kuzamisha tishu kwenye nta bado kubaki kwenu. Ngozi iliyolala chali badala ya kusimama kwa ukingo haionyeshi tabaka zake, na kipande kidogo hakina tishu ya kupoteza kwa kukizamisha tena.

Jingine linalohusu uchache wenu: mkiwa wawili, kila mmoja anakaa na formalini muda mrefu zaidi. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeiweka formaldehaidi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Feni ya kutoa hewa kwenye meza ya kupasulia si anasa. Kama imeharibika, hiyo nayo iingie kwenye daftari, na kazi ya kuchanganya formalini ifanywe mahali penye hewa.

Zimebaki bloku zilizobomoka ambazo bila shaka zimejaa kabatini. Msizitupe wala msiendelee kuzikata. Yeyusheni nta, futeni tishu, mzirudishe kwenye zailini, kisha alkoholi kali, kisha ya asilimia 95 na 70, ziingie formalini upya kwa siku nzima, na zichakatwe mbele kama mpya. Zile ambazo tishu yake ni chache na hakuna nyingine kwenye kopo, daktari wa patholojia aamue kwanza: wakati mwingine atapendelea seksheni mbaya uliyonayo kuliko hatari ya kupoteza kila kitu. Andikeni kwenye rejista ni bloku zipi zimerudiwa, ili akikuta seli zimesinyaa ajue sababu.