Jeli ya goti: ya kulainisha siyo ya kuotesha gegedu

Ndugu mleta mada, umeuliza kama familia ichange fedha ili mama yenu aliyeko Tukuyu achomwe magotini "jeli ya kuotesha gegedu", yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Nami niliahidiwa hivyo hivyo miaka minne iliyopita, kwa hiyo najibu kama mtu aliyekwisha kulipa.

Nilikuwa bwana shamba, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilipanda na kushuka miteremko ya Umalila nikikagua viazi na pareto. Goti la kulia lilianza kunisumbua wakati wa kushuka, na eksirei niliyopigwa hapa Mbeya ilionyesha kwamba nafasi kati ya mifupa imebana upande wa ndani. Katika kliniki moja ya binafsi niliambiwa kwamba ute umekauka na kwamba jeli itarudisha gegedu. Nilichomwa sindano tatu kwa wiki tatu, nikapata nafuu kwa miezi kama mitano, kisha maumivu yakarudi palepale. Eksirei ya pili haikuonyesha nafasi iliyoongezeka hata kidogo.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba neno "jeli" hubeba vitu viwili. Niliyochomwa mimi ni asidi ya hayaluroniki, ambayo kwa asili imo katika ute wa kiungo. Kazi yake ni kulainisha, na mwili huifyonza baada ya muda. Haioteshi kitu.

Ile nyingine, ambayo watafiti wanahangaika nayo, ni haidrojeli ya kujengea gegedu: nyuzi za polima (molekuli ndefu kama minyororo) zilizofungamana kama wavu, zikishika maji mengi bila kuyeyuka. Ukitaka kuona jambo lenyewe, chana pampasi ya mtoto na umwagie maji unga uliomo. Wameichagua kwa sababu gegedu nalo sehemu yake kubwa ni maji, yakiwa yameshikiliwa ndani ya wavu wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Gegedu halina mishipa ya damu; seli zake ni chache na hupata chakula kutokana na ute unaoingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, ndiyo maana jeraha lake haliponi kama la ngozi. Haidrojeli hujaza shimo lililo kwenye gegedu na kuzipa seli mahali pa kushika ili zijenge upya.

Ugumu ni kwamba jeli laini huzifaa seli lakini huvunjika chini ya uzito wa mwili, na jeli ngumu hubeba uzito huku ikizibana seli. Tena ni lazima ishikamane na gegedu la kando, la sivyo hung'oka. Mwaka 2013 kundi la mtafiti Jennifer Elisseeff wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilieleza jinsi lilivyoibandika haidrojeli kwa gundi maalumu katika magoti ya wagonjwa 15, pamoja na kutoboa vitundu kwenye mfupa ili seli za uboho zipande, na mashimo yakajaa vizuri kuliko kwa watu watatu waliotobolewa tu. Lakini soma vizuri: hao walikuwa na shimo moja dogo katika goti ambalo sehemu zake nyingine ni nzima. Goti lililosagika kwa umri ni kiungo kizima kinachougua, na vimeng'enya vya uvimbe vilivyolila gegedu la kwanza bado vimo humo. Sisi wa viazi tunalijua hili: huwezi kuleta mbegu safi kwenye shamba lenye mnyauko ukategemea mavuno.

Mimi nilisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyenifundisha mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, fimbo ya kushukia, na kupunguza uzito. Kila kilo moja inayotoka mwilini huliondolea goti takriban kilo nne za mzigo kwa kila hatua. Si kwamba nimepona, ila nashuka hadi mtoni na kurudi.

Kwa mama, kabla ya kuchanga, mwombeni daktari aandike jina la hiyo dawa na aseme wazi kama ni ya kulainisha au ya kujaza shimo, na kama eksirei yake inaonyesha shimo moja au goti zima. Mkishapata jina hilo liwekeni hapa, nitawaambia kama ndiyo ile niliyochomwa mimi.